Kwa Nini Kuro Humkazia Mtu Macho

Ninyi mnaokuja kuyatazama maporomoko ya Lwandiga, la kwanza mnalouliza ni urefu wake. Hilo mtajibiwa getini, limeandikwa kwenye kibao. La pili mnauliza kama simba ataonekana leo, na la tatu ni wapi pa kulia chakula mlichofunga. Hajatokea hata mmoja akauliza kwa nini mto uliotambaa kwenye tambarare tangu huko utokako ujitupe shimoni mahali pale, na si pengine. Wala hajatokea wa kuuliza kwa nini kuro, yule mnyama mwenye duara jeupe nyuma, hubaki kando ya maji akiwakazia macho wakati wenzake wote wamekwisha kimbia. Basi leo mtaambiwa, mpende msipende. Aliyetendewa ubaya ule hana kinywa cha kuusema, na waliomtendea walikuwa watu, tena watu wetu.

Ilikuwa enzi ambayo Lwandiga haukuwa na sauti. Ulipita kimya kama mtu anayepita nyuma ya nyumba ya wakwe zake. Huku na huku kingo zake zilikuwa matete na tope zito, tope la kumeza mguu wa nyati hadi pajani, na mnyama aliyejaribu kunywa humo hakutoka. Ila katikati ya mbuga palikuwa na jiwe moja pana, bapa, upana wa uwanja wa ngoma kumi, na mto ulipita juu ya jiwe hilo kwa kina cha magoti, maji meupe, ya baridi. Hapo ndipo palipokuwa kivuko. Kiangazi kikikolea, watu walichota hapo na wanyama walikunywa hapo, kwa sababu hapakuwa na pengine.

Mtauliza waliwezaje kuishi hivyo bila kuuana. Waliishi kwa hodi. Kila asubuhi, jua halijafika kimo cha mkuki, mwanamke mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo alisimama juu ya ukingo na kibuyu kikavu, akakigonga mara tatu kwa kijiti. Hiyo ni hodi ya kwanza, maana yake watu wanashuka. Wanyama waliokuwa majini walimaliza funda lililokuwa mdomoni, wakarudi nyuma hadi nyasi zinapoanzia, wakasimama. Tembo alisimama, simba alisimama, na swala alisimama kando ya simba. Wanawake wakateka maji yao, watoto wakanawa nyuso, na mtu wa mwisho alipokwisha kupanda ukingo, yule mwanamke aligonga tena mara tatu. Hiyo ni hodi ya pili, maana yake mto ni wenu.

Kati ya hodi na hodi hakuna mnyama aliyetia mdomo majini, hata koo likiwaka moto. Na baada ya hodi ya pili hakuna mtu aliyeshuka, hata mtungi ukiwa mtupu. Halafu kulikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote: mtu akiwa amebaki kivukoni, hata mmoja, hata mlemavu, hata mlevi, hodi ya pili haibishwi. Ikibishwa, nyati watashuka wakijua njia ni nyeupe, na huyo mtu watampitia juu. Kwa hiyo aliyeshika kibuyu alishika roho za pande zote mbili, na kazi hiyo haikupewa mtu wa ovyo ovyo.

Wakati wa kisa hiki aliyekishika alikuwa Nyanzala, dada wa Mtemi aliyekwisha kufariki. Mumewe alikufa mapema na Mungu hakumjalia mtoto. Mtoto aliyemlea ni wa kaka yake, Lugembe, ambaye alimbeba mgongoni mpaka akawa anaburuza miguu chini. Miaka ishirini Nyanzala alibisha hodi na hakukosea hata siku moja. Aliwajua wanyama kwa sura kama mnavyojuana ninyi mtaani. Aliyempenda zaidi alikuwa kuro mmoja jike aliyesimama karibu kuliko wengine wote, hatua kumi tu kutoka majini, kwa sababu kuro ni dhaifu wa kiu kuliko mnyama mwingine. Twiga atavumilia, pofu, yule swala mkubwa, atavumilia, kuro hawezi. Mwaka ule kuro huyo alikuwa na ndama wa miezi miwili.

Kaka yake Nyanzala alipofariki, Lugembe akawa Mtemi. Hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga. Alichokosa ni kimoja, hakuweza kukaa bila kusifiwa. Akaposa kwa mtemi mmoja wa milimani, huko mbali, ambako watu walikuwa wamekwisha kuwala wanyama wao wote hata mtoto wao alimjua tembo kwa hadithi tu. Lugembe akawatumia salamu kwamba kwake wanyama ni wengi kuliko mbuzi, waje wajionee. Wakaja wakwe kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na mjomba wa bibi harusi, mzee mmoja mpole aitwaye Sayi.

Siku waliyofika Lugembe aliwatembeza mbugani tangu asubuhi mpaka alasiri. Waliona nini? Mkia wa ngiri ukiwa wima na vumbi nyuma yake. Waliona kinyesi cha tembo. Mbung'o waliwauma shingoni, mama mmoja akavimba jicho, na mzee Sayi kwa adabu yake akasema nchi ni nzuri. Lugembe aliona aibu. Ndipo alipokumbuka kwamba kuna mahali pamoja, na saa moja tu, ambapo wanyama wote wa nchi husimama wazi kwenye mstari, kimya, wasikimbie.

Akamwendea shangazi yake. Akamwambia kesho atakapobisha hodi ya kwanza, wageni watashuka wakae kidogo kivukoni watazame. Nyanzala akamjibu kwamba hodi ni ya maji, si ya macho. Lugembe akacheka, akasema hata wao watakunywa funda moja moja, basi itakuwa ya maji. Akasema ni muda wa kula chakula tu, wakishiba wataondoka. Akamshika mkono kama alivyokuwa akiushika utotoni alipotaka asali. Nyanzala akakubali. Hilo ndilo kosa lake, na hakulificha mpaka anaingia kaburini: moyo ulimwambia hapana, akakubali kwa sababu aliyeomba alikuwa mwanawe wa mgongoni.

Kumbe Lugembe alikuwa amekwisha panga. Asubuhi vijana wake walishusha vigoda na kuvipanga ndani ya maji yenyewe, wageni wakae miguu ikipoa. Wakajenga dungu la miti juu ya jiwe, lenye kivuli na mahali pa kulala. Zikaja nyama za kuchoma na pombe ya mtama. Nyanzala akabisha hodi ya kwanza, na wanyama wakarudi nyuma wakasimama, nchi nzima, kuanzia tembo mpaka digidigi. Wageni walishika vinywa. Mama wa jicho lililovimba alilia kwa furaha. Walikuwa wanastahili furaha ile, kwa kuwa hawakujua.

Jua likapanda, likafika utosini. Chakula kikaisha, kikaletwa kingine. Mzee Sayi ndiye aliyeuliza mbona wanyama hawanywi. Lugembe akamwambia, "Wanawasalimu ninyi, baba. Wakwe zangu wanapewa heshima hata na tembo."

Wanawasalimu! Mnyama ametembea usiku kucha kutafuta majani makavu, ulimi umekuwa kama gome, maji anayaona, harufu yake inampata puani, na mtu mwenye tumbo lililojaa anasema anasalimiwa. Ukisikia neno kama hilo unatamani dunia ipinduke. Nyanzala alilisikia akiwa juu ya ukingo, akashuka kuuliza wageni wanaondoka lini. Lugembe akamjibu kwamba bado hawajashiba macho. Jioni akauliza tena, akaambiwa kesho. Usiku wageni walilazwa palepale kwenye dungu, ili mto usikae mtupu hata kidogo.

Sasa fikirini alivyofungwa huyu mama. Akibisha hodi ya pili na watu wamo mtoni, atakuwa muongo, na watu kumi na wawili wasio na hatia watakanyagwa. Asipobisha, wanyama hawanywi. Na wageni nao walifungwa, kwa sababu mkwe hainuki kwenye mkeka mwenyeji hajamwinua. Walikwisha choka na nyama, miguu imekuwa mikunjo kwa maji, lakini wangesimamaje? Na wanyama ndio waliofungwa kuliko wote, wamesimama bila kamba, bila uzio, bila mbwa wa kuwazuia. Kila aliyekuwapo alishikwa na adabu yake, na mmoja asiyekuwa nayo ndiye aliyewashika. Watu husema heshima si utumwa. Siku zile ilikuwa.

Siku ya pili joto lilishuka kama mtu amemwaga makaa. Ngiri walipiga magoti. Pundamilia walilambana umande uliobaki mgongoni, na umande ukaisha kabla jua halijachomoza sawasawa. Tembo jike mmoja alichomeka mkonga kooni mwake mwenyewe akatoa maji kidogo ya tumboni, akamnyunyizia mwanawe. Simba alilala chali na hakuna swala aliyejali. Mchana, ndama wa kuro aliinama kama anayetaka kula majani, akalala ubavu, akapiga mateke mawili. Basi. Mama yake alimnusa, akasimama juu yake ili kumpa kivuli. Maji yalikuwa hatua kumi mbele yake. Aliyatazama, akamtazama Nyanzala, wala hakusogea.

Wageni waliacha kula. Mama mmoja aligeuza kigoda akaupa mto mgongo. Lugembe alipoona furaha imepoa akaita wapiga ngoma. Hapo Nyanzala alishuka ukingo na kumsimamia mbele, mbele ya watu, jambo ambalo mwanamke hakumfanyia Mtemi.

"Mwanangu, ndama amekufa."

"Ndama mmoja, shangazi. Mbuga imejaa."

"Amekufa hatua kumi kutoka majini. Hakuuawa na simba wala na njaa. Ameuawa na neno langu, kwa sababu aliliamini."

"Kama ni neno lako," Lugembe alisema, "basi mimi nimeua nini?" Akawaashiria wapiga ngoma waendelee.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nyanzala alipanda ukingo. Alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo, na nusu yake alijikasirikia mwenyewe. Alikaa chini, kibuyu mapajani, akafikiri. Hakutafuta uganga wala hakuota ndoto. Alihesabu siku tu, na siku ya kufika kwetu haihesabiwi, akagundua kwamba kesho wageni wanatimiza siku ya tatu.

Kulipokucha alipita nyumba kwa nyumba akikusanya majembe. Wanawake walimuuliza ya nini, akawajibu, "Wageni wetu leo wana siku ya tatu." Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hilo lilikuwa la kwetu kabla halijawa la mtu mwingine yeyote, na lilifuatwa kwa mfalme na kwa mpita njia. Mgeni akipewa jembe si kwamba anafukuzwa. Anaambiwa sasa wewe ni wa nyumbani, njoo tulime. Na akilikataa, ametukana ukoo mzima. Wanawake wakampa majembe kumi na mawili na wengine watatu wakamsaidia kuyabeba.

Alifika kivukoni, akaingia majini na nguo zake, akapiga goti mbele ya mzee Sayi. Akampa jembe kwa mikono miwili.

"Baba, leo ni siku ya tatu. Mashamba yanasubiri mvua na hayajatifuliwa. Karibuni tulime."

Mzee Sayi aliliangalia lile jembe. Akawaangalia wanyama, ambao wengi wao sasa walikuwa wamelala. Akamwangalia Lugembe, akaelewa yote kwa mara moja, na uso wake ukajaa haya kana kwamba yeye ndiye aliyetenda.

"Ahsante, mama," alisema. "Tumelingoja jembe hili tangu juzi."

Akainuka. Wote wakainuka, kila mmoja akachukua jembe lake, wakatoka majini na miguu imenyauka. Lugembe alinyoosha mkono kuwazuia, akaurudisha. Angesema nini? Kuwazuia ni kuwaambia wakwe kwamba bado ni watu baki, na mila hiyo ilikuwa ya baba yake na ya babu yake. Alibaki amesimama peke yake katikati ya vigoda vitupu, pombe inamwagika, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtazama. Hilo hakuliweza. Akavuta kigoda, akakaa, akatia miguu yote miwili majini.

"Kuna mtu mtoni, shangazi," alisema. "Haya. Bisha hodi yako tuone."

Wazee waliokuwa ukingoni walimsihi atoke. Akawaambia watulie, shangazi yake hana ubavu huo, amelishika neno lake miaka ishirini na hatalivunja leo. Na kweli aliijua nguvu ya neno lile, kwa maana ndiyo aliyoitumia siku tatu. Alimjua Nyanzala kwa wema wake tu. Alidhani mtu mwema ni mtu asiyechoka.

Nyanzala alipanda juu ya ukingo. Akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Lugembe, sharti lile liliwekwa kumlinda mtu aliyechelewa, asiyejiweza, asiyejua. Wewe unajua, unajiweza, na hujachelewa. Umekaa. Nawangoja wageni wapite kile kichuguu, kisha nabisha. Ukiondoka nitamshukuru Mungu. Usipoondoka nitabisha."

Kichuguu kilikuwa mwendo wa kukoka moto. Wageni walitembea polepole, majembe begani. Nyanzala alimtazama mtoto wake wa mgongoni na moyo wake ulikuwa unamwita, toka, toka, mwanangu, mama yako anakuomba. Lugembe alijimiminia pombe. Mgeni wa mwisho akakipita kichuguu.

Nyanzala akagonga mara tatu.

Siku zote wanyama walishuka kwa mpangilio, wadogo kwanza, wenye watoto wakifuata, tembo na nyati mwisho. Siku ile nani angengoja zamu? Kiu ya siku tatu iliinuka yote kwa pamoja. Nchi nzima ilishuka kwenye jiwe moja, na waliokuwa wamelala walishuka kwa magoti. Ardhi ilitikisika hadi kwenye mashamba, majembe yakawatoka wageni mikononi. Na lile jiwe, ambalo babu zetu walilikanyaga wakidhani ni mfupa wa dunia, chini lilikuwa limeliwa na maji miaka isiyohesabika. Lilikuwa tupu kama chungu. Likapasuka katikati kwa mlio mmoja, na nusu yake ya mbele ikaenda chini.

Mto uliokuwa kimya ukaingia shimoni na kupiga ukelele. Ndio huo mnaousikia, haujanyamaza hata mara moja. Waliokuwa ukingoni waliapa kwamba tembo walipita kushoto na kulia kwa Lugembe, na hakuna aliyemgusa hata ukingo wa nguo. Walikuwa na haraka ya maji, si ya mtu. Yeye alikuwa bado amekaa jiwe lilipoondoka, likaenda naye. Siku ya nne kigoda chake kilionekana chini kwenye mchanga. Yeye hakuonekana.

Wanyama wengi nao walikufa, tusidanganyane. Waliobaki waliteremka kwa kuporomoka wakakuta kwamba kule chini mto umetapakaa, umejigawa vijito na mabwawa, umezoa tope lote na kuacha mchanga safi. Mahali pa kunywa hapakuwa pamoja tena, palikuwa mia. Walikunywa mpaka jua likazama, na hakuna aliyebisha hodi wala aliyeingoja.

Kisha watu wakakaa baraza, na sasa sikieni walichoamua. Walimlaumu Nyanzala! Walisema amemuua Mtemi, ameharibu kivuko, na wanawake sasa watashuka genge zima, ukuta wa mwamba, na mitungi kichwani. Mzee baada ya mzee alisimama na kukohoa na kusema hayo. Wale wale waliokula nyama za karamu ya Lugembe siku mbili na kuifuta midomo. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekaa mlangoni pa maji ya wenzake siku tatu. Ndama hakutajwa hata kidogo.

Nyanzala alipopewa nafasi alisema maneno machache. "Nimekosa, lakini si kwa hodi mnayoisema. Nilikosa siku ya kwanza, nilipobisha ili watu watazame. Kwa hilo nihukumuni. Lugembe nilimlea mimi, na uchungu wake ninao mimi, hamtanifundisha ninyi kumlilia. Ila hodi ya pili siiombei radhi. Ningeibisha siku moja mapema, kuro angekuwa na mtoto."

Wakamnyang'anya kibuyu. Haikuwa na maana, kwa kuwa hakuna kibuyu ambacho sauti yake ingepenya mngurumo ule, na mnyama naye hakuwa tena wa kuitwa. Tangu walipokunywa jioni ile, wakiona mtu wanainua vichwa mara moja na kutimua mbio. Wakimbie, wana haki. Mtu aliwapa neno, wakalishika kuliko yeye, akaligeuza pingu.

Kesho yake Nyanzala alishuka genge kumtafuta yule kuro. Alimkuta kwenye ukingo wa bwawa dogo, kwato ndani ya maji. Pundamilia na swala waliokuwa naye walipomwona mtu walitawanyika. Kuro hakukimbia. Aliinua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni, akamkazia macho. Nyanzala akapiga goti kwenye mchanga kama alivyompigia mzee Sayi. Alimwambia anamwomba msamaha, alimwambia mto ni wake, anywe, hakuna tena wa kumzuia. Alisema mpaka sauti ikamkauka. Kuro alisikiliza yote. Hakurudi nyuma, hakusogea mbele, na hakuinamisha kichwa.

Ndipo Nyanzala alipoelewa, na wanasema kuelewa huko ndiko kulikomzeesha. Aliinuka akapanda genge, na alipojificha nyuma ya mwamba wa juu akachungulia. Kuro alikuwa anakunywa. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata pia, miaka yote aliyobaki nayo. Wengine wote walikuwa wamelitupa lile neno, na nani angewalaumu. Yule aliyepoteza mtoto kwa sababu yake ndiye peke yake aliyekuwa bado analishika.

Na tangu siku hiyo mto wa Lwandiga huanguka pale na kupiga kelele usiku na mchana. Tangu siku hiyo wanyama wa mbuga humkimbia mtu kabla hajawafanya lolote. Na kuro, popote mtakapomwona, haendi mbali na maji, kwa sababu alikwisha jifunza hatua kumi ni umbali gani. Mtu akifika husimama, huinua kichwa, akamkazia macho. Ninyi mnasema ametulia apigwe picha. Mnamwambia dereva azime gari, mnasogea dirishani, mnafungua vyakula vyenu, mnasifu upole wake. Saa nzima! Hajawasalimu. Hawezi kunywa mkiwa hapo. Basi tazameni, mridhike, kisha mwondoke upesi, kwa kuwa ana kiu.